Selulosi, hidrojeni na vichocheo vya metali: kusoma dalili mavuno yanapoanguka

Ukifunga selulosi, maji, kichocheo cha metali na hidrojeni ndani ya reakta ya shinikizo, kazi tatu huanza kwa pamoja. Maji ya moto na asidi hukata mnyororo wa selulosi kuwa glukosi. Glukosi hiyo isipowahiwa hukatika kati ya kaboni na kaboni (mmenyuko wa retro-aldoli) na kutoa vipande vidogo, hasa glikolaldehidi, au hupoteza maji ikawa HMF (hidroksimethilifurfurali) na hatimaye humini, yale mabaki ya kahawia yasiyoyeyuka. Metali nayo hukipa hidrojeni chochote chenye aldehidi: glukosi ikawa sorbitoli, glikolaldehidi ikawa ethilini glikoli.

Karibu kila tatizo linaloelezwa hapa ni kazi moja kati ya hizo kuitangulia nyingine au kuachwa nyuma. Kukimbilia kutengeneza kichocheo kipya mara tu mavuno (kiasi cha bidhaa unachopata) yanaposhuka ni kupoteza wiki bure. Tafuta kwanza ni kazi ipi iliyochelewa.

Vipimo vya kulinganishia

Halijoto zote hapa ni za Selsiasi. Shinikizo la hidrojeni ni lile linalojazwa reakta ikiwa bado baridi, isipokuwa pale panaposemwa vingine.

Njia ya sorbitoli: selulosi iliyosagwa, Ru/C (ruteni juu ya kaboni) ya 5%, asidi kidogo, nyuzi 190 hadi 200, hidrojeni MPa (megapaskali) 5. Fukuoka na Dhepe walipoonyesha mwaka 2006 kwamba jambo hili linawezekana, walitumia platini juu ya alumina kwa nyuzi 190 na saa 24, wakapata sorbitoli na manitoli zisizozidi theluthi moja. Kwa hiyo ukipata 30% kwa selulosi isiyosagwa, huna tatizo la kutatua. Hicho ndicho selulosi ya namna hiyo inachotoa.

Njia ya ethilini glikoli: gramu 0.5 za selulosi, gramu 0.15 za kichocheo chenye tungsteni pamoja na nikeli au ruteni, mililita 50 za maji katika reakta ya mililita 100, hidrojeni MPa 6, nyuzi 245, dakika 30. Kundi la Tao Zhang kule Dalian, China, lilitangaza mwaka 2008 mavuno ya 61% kwa kabidi ya tungsteni (tungsteni iliyoungana na kaboni) iliyotiwa nikeli kidogo juu ya kaboni. Mifano ya hesabu inayofuata inatumia vipimo hivi.

Shinikizo linapita ulichokadiria

Dalili hii inatangulia nyingine zote kwa sababu ndiyo inayoweza kukuumiza. Kosa la kawaida ni kuhesabu gesi na kusahau maji.

Hidrojeni ya MPa 6 kwa nyuzi 25, ikipashwa hadi 245, hupanda hadi karibu MPa 10.4 kama nafasi yake haibadiliki. Lakini nafasi inabadilika. Mililita 50 za maji hutanuka hadi karibu 62 kwenye joto hilo, hivyo nafasi ya gesi inapungua kutoka mililita 50 hadi 38, na hidrojeni inafika karibu MPa 13.7. Ongeza mvuke wa maji, MPa 3.65, na jumla ni takriban MPa 17. Geji itasoma chini kidogo ya hapo kwa kuwa sehemu ya hidrojeni huyeyuka majini.

Sasa jaza mililita 65 badala ya 50, huku shinikizo la kuanzia likibaki lile lile. Maji yatatanuka hadi mililita 80, gesi itabakiwa na chini ya 20, na jumla itapita MPa 22. Mililita 15 tu za maji zimekupitisha kiwango ambacho reakta nyingi za maabara zimeidhinishiwa. Usipite nusu ya ujazo kwa kazi za nyuzi 240 na zaidi, na usiguse diski ya usalama kwa nia ya kuweka ngumu zaidi.

Geji ikisoma chini sana ya hesabu, kuna mambo mawili: uvujaji, au maji hayajafika kwenye joto unaloliona kwenye skrini. Uvujaji hupimwa kwa nitrojeni reakta ikiwa baridi: jaza hadi shinikizo la kazi, funga vali, acha nusu saa. Joto hupimwa kwa jaribio rahisi ambalo wengi hawalifanyi. Weka maji matupu, suuza kwa nitrojeni, achia hadi shinikizo la kawaida, funga, pasha hadi 245. Geji inapaswa kusoma karibu MPa 3.8. Ikisoma 3.3, maji yako yako karibu nyuzi 237, hata kama skrini inaapa ni 245. Mara nyingi thamokapo (waya wa kupimia joto) haijazama vya kutosha, au inagusa ukuta unaopashwa na kusoma joto la chuma.

Nyuzi nane si kitu kidogo hapa. Kwa ukataji wa selulosi, kila nyuzi 10 karibu na 245 huongeza kasi takriban mara mbili.

Unga mweupe umebaki chini ya reakta

Hapa kazi ya kwanza, yaani ukataji wa mnyororo, ndiyo iliyochelewa. Kama joto umelihakiki kama ilivyoelezwa, angalia ufuwele wa selulosi, yaani kiasi ambacho minyororo yake imejipanga kama fuwele. Minyororo iliyopangika na kushikana kwa vifungo vya hidrojeni haiachii asidi ipenye, hasa chini ya nyuzi 200. Saga kwa kinu cha mipira cha zirkonia hadi kilele cha XRD (kipimo cha mtawanyiko wa eksirei) cha karibu digrii 22.5 (kwa mionzi ya Cu Kα) kitawanyike kuwa kilima kipana kinachoelekea digrii 18 hadi 20. Kwa vinu vya polepole kazi hiyo huchukua siku nzima au mbili, kwa vile vya sayari ni saa chache. Usidanganywe na ulaini wa unga vidoleni: unga laini sana unaweza kuwa na ufuwele wote uleule.

Kusaga selulosi pamoja na kichocheo kigumu ndani ya kinu kimoja kunasaidia kuliko kusaga kila kimoja peke yake, kwa sababu chembe hugusana. Ila kinu hicho hakitatumika tena kwa jaribio lisilo na metali. Na usisahau kwamba Ru/C kavu iliyokwisha kupunguzwa (kupitishiwa hidrojeni ili kuondoa oksijeni kwenye metali) inaweza kuwaka ikikutana na hewa, basi fungua kinu kikiwa kimepoa, chini ya nitrojeni.

Njia ya sorbitoli ina sababu nyingine inayojificha: asidi imezimwa. Majivu ya mimea yana potasiamu na kalsiamu, na baadhi ya vibebeo vya kichocheo (vigumu vinavyobeba metali) vina asili ya alkali. Pima pH ya maji baada ya kazi. Kazi iliyokwenda vizuri kwa kawaida huishia na pH ya 3 hadi 4 kwa sababu ya asidi za kikaboni zinazojitengeneza. Ukikuta 6 au 7 na selulosi imebaki, tafuta kinachoila asidi yako. Ukiongeza asidi, asidi ya fosforasi na tungsteni (heteropoliasidi) ni salama zaidi kwa ruteni kuliko asidi ya salfa. Asidi ya hidrokloriki iepuke kabisa katika chuma cha pua: itakula reakta, na nikeli na kromiamu kutoka ukutani zitaingia kwenye matokeo yako.

Maji yametoka ya kahawia, kuna harufu ya sukari iliyoungua, au kuna masizi kwenye kikorogeo

Dalili hii ndiyo inayokuja mara nyingi kuliko zote, na ina sababu nyingi. Maana yake ya jumla ni moja: sukari na aldehidi zilitengenezwa kwa kasi kuliko metali ilivyoweza kuzipa hidrojeni. Rangi ya maji husaidia. Kazi nzuri hutoa maji angavu au ya njano hafifu. Njano iliyokolea, rangi ya chai ya rangi, inaashiria HMF na wenzake walioanza kuungana. Kahawia nzito pamoja na unga mweusi uliozidi uzito wa kichocheo ulichoweka ni humini.

Anza na swali la kama hidrojeni ilikuwepo ya kutosha, kwa sababu jibu lake ni hesabu tu. Nafasi ya mililita 50 yenye MPa 6 kwa nyuzi 25 ina moli 0.121 za hidrojeni. Gramu 0.5 za selulosi ni milimoli 3.1 za vipande vya glukosi. Sorbitoli inakula hidrojeni moja kwa kila kipande, ethilini glikoli inakula tatu, hivyo mahitaji makubwa kabisa ni milimoli 9.3. Una ziada ya mara kumi na tatu. Sasa mtu anaamua kupandisha selulosi hadi gramu 5 ndani ya reakta ileile. Mahitaji yanakuwa milimoli 93 kati ya 121, shinikizo linaporomoka katikati ya kazi, na nusu ya pili ya selulosi inageuka humini. Kichocheo kinalaumiwa, kumbe gesi iliisha. Kwa mzigo mkubwa unganisha reakta na chupa ya hidrojeni kupitia kidhibiti ili shinikizo lisishuke, au punguza matamanio.

Swali linalofuata ni kama hidrojeni ilifika kwenye metali. Hidrojeni huyeyuka kidogo sana majini: kwa nyuzi 25 na MPa 6 ni karibu milimoli 47 tu kwa lita. Inayotumika inabidi iendelee kuvutwa kutoka juu, na kinachoivuta ni kikorogeo. Rudia jaribio kwa mizunguko 600, 800 na 1,000 kwa dakika. Kama mavuno yanapanda kila unapoongeza, tatizo ni usafirishaji wa gesi na si kemia. Kikorogeo cha sumaku kinachozunguka chini ya tope zito mara nyingi huteleza bila wewe kujua. Kikorogeo chenye mhimili mtupu, kinachofyonza gesi kutoka juu na kuitoa chini, hutibu kesi nyingi za aina hii.

Tatu, hidrojeni ilikuwepo tangu lini? Wapo wanaopasha kwanza, kisha wanajaza hidrojeni joto likifika. Reakta kubwa huchukua dakika 40 au zaidi kufika 245, na kuanzia nyuzi 180 hivi sukari imekwisha kuanza kutoka. Sukari hiyo inapika robo saa au zaidi bila hidrojeni. Jaza gesi na washa kikorogeo kabla ya kupasha. Vilevile tazama kidhibiti cha joto: kikipitiliza lengo kwa nyuzi 15 halafu kikarudi, dakika hizo chache ndizo zilizotengeneza masizi.

Nne, metali yenyewe. Ipime peke yake, mbali na selulosi: gramu 0.5 za glukosi, gramu 0.1 za Ru/C ya 5%, mililita 50 za maji, nyuzi 120, MPa 5, saa moja hadi mbili. Kichocheo kizima kitageuza karibu glukosi yote kuwa sorbitoli, na maji yatatoka hayana rangi. Kikishindwa hapo, selulosi haina kosa. Sababu zinazojirudia ni hizi: haikupunguzwa vya kutosha baada ya kuhifadhiwa hewani (kwa ruteni, saa mbili hadi tatu kwenye hidrojeni kwa nyuzi 300 zinatosha, nikeli inahitaji 400 hadi 500), klorini iliyobaki kutoka kwa kloridi ya ruteni iliyotumika kutengenezea, ambayo majini inakuwa asidi na kusukuma sukari kuelekea HMF, au salfa. Salfa ni sumu isiyo na msamaha kwa nikeli na ruteni. Inaingia kupitia asidi ya salfa iliyotumika kuandaa malighafi bila kusuuzwa vizuri, au kupitia protini za mmea.

Kama glukosi ilipita mtihani lakini selulosi bado inaungua, basi punguza kasi ya kazi ya kwanza: shusha joto kwa nyuzi 10, punguza asidi, au punguza selulosi hadi 1% ya maji. Mzigo unaozidi 5% kwa reakta ya kufunga na kupika mara moja ni mgumu kwa yeyote. Wanaofanya kazi kwa mizigo mikubwa hawaweki vyote kwa pamoja. Husukuma tope kwa pampu kidogo kidogo ndani ya maji yaliyokwisha kupata joto na hidrojeni, ili wakati wowote sukari iliyo huru iwe chache. Kwa sababu hiyohiyo selulosi hutoa ethilini glikoli nyingi kuliko glukosi iliyomwagwa yote kwa mkupuo: ugumu wa selulosi unafanya kazi ya pampu.

Selulosi imeisha, maji ni safi, lakini ethilini glikoli ni kidogo na sorbitoli ni nyingi

Metali imewahi mno. Glukosi imepewa hidrojeni kabla tungsteni haijaikata, na sorbitoli ikishakuwa sorbitoli haikatiki kwa retro-aldoli tena kwa kuwa haina kundi la aldehidi. Haina njia ya kurudi nyuma kirahisi.

Punguza metali ya hidrojeni, usiongeze tungsteni. Shikilia tungsteni palepale, kata Ru/C kwa nusu, pima, kata tena. Kuna mahali sorbitoli inashuka na ethilini glikoli inapanda. Ukipita hapo maji yanaanza kuwa ya njano, maana glikolaldehidi sasa haipati hidrojeni na inaungana yenyewe kwa yenyewe. Rudi hatua moja. Uwiano huo hauhamishiki kutoka kichocheo kimoja hadi kingine, hata kama vyote vimeandikwa Ru/C 5%, kwa hiyo utafute upya kila ukibadilisha kundi la kichocheo.

Joto lina nguvu zaidi ya uwiano. Retro-aldoli inafaidika na joto kuliko uongezaji wa hidrojeni unavyofaidika, hivyo kazi ileile ikishushwa kutoka 245 hadi 205 inaelemea upande wa sorbitoli. Ukiona sorbitoli nyingi ghafla bila kubadilisha chochote, rudi kwenye jaribio la maji matupu.

Kama unatumia asidi ya tungstiki au misombo yake pamoja na Ru/C, macho yako ni kifaa kizuri. Kwenye joto na hidrojeni, tungsteni huyeyuka kwa sehemu na kuwa kile kinachoitwa shaba ya tungsteni (jina tu, hakina shaba ndani), HₓWO₃, ambayo ndiyo inayofanya kazi ya ukataji. Ina rangi ya buluu. Fungua reakta ikiwa imepoa, chukua sampuli mara moja: ikiwa na buluu inayofifia taratibu inapokutana na hewa, tungsteni ilifika ilikotakiwa. Ikiwa hakuna buluu kabisa na chini kuna unga wa njano, oksidi haikupunguzwa. Hidrojeni ilikuwa kidogo au metali inayoisaidia imekufa. Ikiwa kuna unga mweupe mzito na malighafi yako ni ya mmea halisi, kalsiamu imeishika tungsteni ikawa kalsiamu tungsteti, na hiyo haitarudi kazini.

Kwa wanaotengeneza kabidi wenyewe: nikeli ndiyo inayowezesha tungsteni kuchukua kaboni ya kibebeo kwa karibu nyuzi 700. Bila nikeli, kwa joto hilohilo, unabaki na metali ya tungsteni kwa wingi. XRD itakuambia. Kabla ya kutoa hewani, pitisha gesi yenye oksijeni 1% kwa saa kadhaa ili uso ujifunike polepole. Ukikitoa moja kwa moja kitawaka.

Propilini glikoli imepanda

Glukosi imegeuka fruktosi kabla ya kukatwa. Fruktosi hukatika katikati na kutoa vipande viwili vya kaboni tatu. Kinacholeta hali hiyo ni alkali: kibebeo cha magnesia, majivu, au maji ya bomba badala ya maji yaliyosafishwa. Alkali ikizidi utaona pia asidi ya laktiki. Kama propilini glikoli ndiyo unayoitaka, basi huna tatizo, una bahati. Manitoli nyingi kuliko kawaida kando ya sorbitoli ni mwanya uleule wa fruktosi.

Sorbitoli inapungua kadiri unavyosubiri, na vilele vipya vinatokea

Vilele hivyo ni sorbitani na, ukizidi kusubiri, isosorbidi: sorbitoli imepoteza maji kwa asidi. Punguza muda kabla ya kupunguza asidi. Chukua sampuli dakika 15, 30, 60 na 120. Kilele cha sorbitoli huwa na mahali pake, na baada ya hapo kila dakika ni hasara.

Kaboni imepotea na hakuna masizi

Tafuta kwenye gesi. Ruteni yenye joto jingi na hidrojeni nyingi hukata polioli (sorbitoli, ethilini glikoli na wenzao) hadi mwisho, na mwisho huo ni methani. Dalili ya mapema iko kwenye geji baada ya kupoa. Kwa vipimo vyetu, kama selulosi yote ingekuwa ethilini glikoli, reakta iliyopozwa hadi nyuzi 25 ingesoma karibu MPa 5.5. Kutengeneza methani kunakula hidrojeni nyingi kuliko kunavyotoa gesi, kwa hiyo shinikizo likishuka chini ya hapo wakati mavuno ni madogo, na hakuna uvujaji, chukua mfuko wa gesi upeleke kwenye kromatografia. Tiba ni kupunguza ruteni au muda, au kuhamia nikeli.

Ila kabla ya kuamini kwamba kaboni imepotea, hakiki hesabu zako. Gramu 0.30 za ethilini glikoli kutoka gramu 0.5 za selulosi ni 60% kwa uzito, lakini ni 52% tu kwa kaboni, kwa sababu mavuno kamili kwa uzito ni karibu 115%, si 100%. Ripoti mbili zinazopingana mara nyingi zinasema jambo moja kwa vizio viwili. Amua kizio na ukiandike.

Unyevu pia. Selulosi ya unga iliyokaa kwenye chupa ina maji yapata 5%. Kausha kwa nyuzi 105 kabla ya kupima, vinginevyo kila mavuno yako yako chini kwa kiasi hicho.

Na mgeuko (sehemu ya selulosi iliyotumika) uliopimwa kwa kupima mabaki unadanganya pale kichocheo kinapoyeyuka. Gramu 0.15 za kichocheo chenye 30% ya kabidi ya tungsteni zina gramu 0.045 za kabidi. Theluthi yake ikiyeyuka, mabaki yanapungua gramu 0.015, na mgeuko unaonekana juu zaidi kwa asilimia 3. Ndiyo asili ya zile 102% na 103% ambazo watu hukata kimyakimya ziwe 100.

Upande wa HPLC (kromatografia ya kimiminika), safu ya aina ya hidrojeni inayoendeshwa kwa asidi ya salfa milimoli 5 kwa lita ni imara lakini haitenganishi sorbitoli, manitoli na fruktosi vizuri. Pia ethilini glikoli hutoka karibu sana na asidi ya levuliniki. Weka kitambuzi cha mwanga wa UV kwa nanomita 210 kando ya kile cha kipeo cha mpindo wa mwanga: asidi ya levuliniki itaonekana kwa vyote viwili, ethilini glikoli kwa kimoja tu. Safu ya kalsiamu inatenganisha sorbitoli na manitoli, lakini sampuli yenye asidi au chumvi itaiharibu kwa kuiondolea kalsiamu yake. Rekebisha pH na ondoa chumvi kwanza. Chuja kila sampuli kwa mikroni 0.22. Mwisho pima kaboni yote iliyoyeyuka (TOC). Ikiwa TOC ni 95% na HPLC inaona 60%, hakuna kilichopotea: kuna kitu kilichoyeyuka usichokitambua.

Jaribio lisilo na kichocheo linatoa polioli

Reakta ni chafu. Ruteni hujificha kwenye gasketi, kwenye shingo ya kikorogeo na ndani ya bomba la sampuli. Isugue, ipike na maji kwa joto la kazi, rudia. Ukitumia kikombe cha ndani cha PTFE (Teflon), kumbuka kinalegea karibu na joto hili na hunyonya metali. Kioo au titani ni bora kwa nyuzi 245.

Mzunguko wa kwanza mzuri, wa tatu umekufa

Tenganisha kifo na upotevu. Wanaochuja kwa karatasi hupoteza miligramu kadhaa kila mara, na baada ya mizunguko mitatu wanapima kichocheo pungufu. Pima uzito kila mzunguko.

Kwa kinachokufa kweli, kibebeo ni mshukiwa wa kwanza. Gama-alumina kwenye maji ya nyuzi 200 hugeuka bohemaiti, na eneo la uso linaporomoka. Silika yenye vinyweleo kama SBA-15 hubomoka. Matokeo mazuri ya mzunguko wa kwanza juu ya vibebeo hivyo yasikupe matumaini. Kaboni, titania ya rutaili na zirkonia ya monoklini huvumilia. Mshukiwa wa pili ni nikeli kuyeyuka kwenye maji ya pH 3: maji ya kijani hafifu baada ya kuchuja yanatosha kukuambia, ICP (kipimo cha metali zilizoyeyuka) itakupa kiasi. Mshukiwa wa tatu ni humini zilizofunika metali. Kwa Ru/C usijaribu kuzichoma hewani, utachoma na kaboni ya kibebeo. Osha kwa maji moto kisha ethanoli, halafu punguza upya kwa hidrojeni.

Ili kujua kama kazi inafanywa na kigumu au na kilichoyeyuka, chuja kikiwa moto katikati ya kazi kupitia kichujio cha chuma, kisha endeleza maji yale bila kigumu. Kwa tungsteni ukataji utaendelea, na hilo ni jambo la kawaida, si dosari. Oksidi hurudi kuwa kigumu ikipoa na kukutana na oksijeni, kwa hiyo acha hewa iingie kabla ya kuchuja, vinginevyo unaimwaga tungsteni yako sinki.

Wakati wa kufungua: achia hidrojeni polepole ndani ya kabati la kufyonza hewa, mbali na cheche, maana huwaka hewani ikiwa kati ya 4% na 75%. Suuza kwa nitrojeni. Usiache Ru/C wala nikeli ya Raney (nikeli yenye vinyweleo inayowaka kirahisi hewani) ikauke juu ya karatasi ya kuchujia. Mwanzoni mwa kazi inayofuata suuza tena: kujaza nitrojeni MPa 1 na kuachia, mara tatu, kunashusha oksijeni kutoka 21% hadi chini ya 0.02%, ndipo hidrojeni iingie.

Selulosi safi inafanya kazi, mmea halisi haufanyi

Pima vitu vitatu kwenye malighafi kabla ya kugusa kichocheo: majivu, lignini na salfa. Majivu yaoshe kwa asidi dhaifu ya nitriki au asetiki, kisha kwa maji hadi pH itulie. Kalsiamu ikibaki itakula tungsteni kama ilivyoelezwa juu. Lignini iondoe kwa amonia na peroksidi ya hidrojeni, au kwa alkali, ikifuatiwa na kusuuza kwa kutosha, kwa kuwa alkali iliyobaki itakuletea propilini glikoli na asidi ya laktiki. Sehemu ya hemiselulosi hutoa zilosi, na zilosi itakupa zilitoli. Iweke kwenye mizania ya kaboni badala ya kuihesabu kama uchafu. Kisha rudia jaribio kwa mchanganyiko: nusu selulosi safi, nusu malighafi yako. Mavuno yakianguka chini ya wastani wa pande mbili, kuna sumu inayoua kichocheo. Yakikaa kwenye wastani, kichocheo kiko salama na kinachokosekana ni selulosi yenyewe.